Kuisoma Karamu ya Ukutani

Sebule nyingi za Silibwet zina picha ya Karamu ya Mwisho juu ya televisheni. Inaonekana kila siku, ila ni nadra kuangaliwa.

Anza na mikono. Leonardo da Vinci, aliyeichora Milano takriban 1495 hadi 1498, alichagua dakika ile Yesu ametoka kuwaambia wanafunzi kwamba mmoja wao atamsaliti, na ndiyo maana mikono haitulii. Tomaso ameinua kidole, Petro ameshika kisu. Tafuta mkono uliofumbata mfuko: huyo ni Yuda, wa nne kutoka kushoto kwako, uso wake umeingia kivulini. Andrea del Castagno, aliyetangulia kule Florence, alimweka Yuda peke yake upande wa pili wa meza. Hata mtoto angemtambua. Leonardo alimketisha kati ya wenzake, umtafute mwenyewe. Kwangu mimi, ubora wa picha hii uko hapo zaidi ya kwenye uzuri wa sura.

Kisha chukua rula, ufuate mistari ya dari. Yote inakutana kwenye panja la kulia la Yesu, mahali ambapo kwenye ukuta wenyewe wa Milano kuna tundu dogo la msumari. Nakala ambayo mistari yake haikutani ilichorwa kwa kubahatisha.

Nakala zichuje kama karani wa kituo cha majani ya chai anavyochuja: majani mawili na chipukizi yapite, magumu yarudi. Je, mitume wana duara la dhahabu kichwani? Leonardo hakuwachorea, Yesu mwenyewe alimwachia mwanga wa dirisha tu. Miguu ya Yesu inaonekana? Basi ni ya mwigaji, si ukuta ulivyo leo, kwa kuwa mwaka 1652 watawa walitoboa mlango pale na miguu ikapotea. Rangi zinang'aa? Shuku. Leonardo alipaka kwenye plasta kavu, zikaanza kubanduka akiwa hai. Ukarabati uliomalizika 1999 ulichukua zaidi ya miaka 20.

Lakini nakala ya mwigaji usiitupe. Nakala za zamani zinaonyesha chumvi iliyomwagika karibu na mkono wa Yuda, jambo ambalo ukutani limefifia.

Na isiwe Milano tu. Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora picha tano katika kanisa la Mtakatifu James, Murang'a, Karamu ikiwa mojawapo, na watu wake ni Waafrika. Sijaona nakala yake ikiuzwa Silibwet, ningeinunua.