Pua Ikikugeukia

Mchanga wa mto Nzeeu, Kitui, wakati wa kiangazi ni mahali pazuri pa kuangukia. Ndiyo maana mwalimu wa kurusha droni niliyemfuata asubuhi moja, kijana anayepiga picha za harusi na mazishi kuanzia Mwingi hadi Wote, huwaleta wanafunzi wake hapo kabla jua halijakolea. Hakuna nyaya za stima wala paa la mtu. Hata hivyo droni yenyewe haiguswi na mchanga. Alitandika gunia, akaligandamiza kwa mawe kwenye pembe zote nne, akaiweka katikati kama mtu anayelaza mtoto. Punje ikiingia kwenye mota, alituonya, mota husaga mpaka ikafa.

Watanzania huiita ndege nyuki, jina ambalo Kitui, kwenye mizinga na asali yake, wangestahili kulibuni wao. Ilipowaka niliisikia hivyo hasa: bumba la nyuki.

Rimoti ina vijiti viwili. Cha kushoto ukikisukuma mbele, droni inapanda, ukikivuta, inashuka, ukikilaza kando, pua inageuka palepale ilipo. Cha kulia huipeleka mbele, nyuma, kushoto au kulia bila kuigeuza. Basi. Mtoto wa darasa la nne atayakariri hayo kwa dakika mbili, na ndipo taabu inapoanzia, kwa sababu anadhani amekwisha kujifunza.

Namna inavyogeuka ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Ina mapanga manne. Mawili yanayotazamana kwa mshazari huzunguka upande mmoja, mawili mengine upande wa pili, kila jozi ikiuzuia msokoto wa mwenzake. Unapotaka pua igeuke, jozi moja huongezwa mwendo na nyingine hupunguziwa. Uzito bado umebebwa, ila usawa wa misokoto umevunjika, na mwili mzima unageuka. Aliyewahi kushika plau shambani Makueni anaijua habari hii kwa njia nyingine: ukifika mwisho wa mtaro, unamzuia fahali wa ndani, unamwacha wa nje atembee. Mfano unachechemea, najua, lakini mama mmoja mkulima wa maembe aliyekuwa miongoni mwetu aliposikia habari ya mafahali alitikisa kichwa kuonyesha kwamba sasa ameelewa.

Nilimtazama mwalimu mikononi. Hatumii kidole gumba peke yake. Hukibana kijiti kati ya gumba na shahada, kama mtu anayeingiza uzi kwenye sindano. Droni ilikuwa tayari inakata kona pana juu ya kingo za mto nami bado nilikuwa nikisubiri aanze. Kona ile ilikuwa kazi ya vijiti vyote viwili kwa pamoja: cha kulia kinasukuma mbele kidogo, cha kushoto kinageuza pua kidogo zaidi, na hakuna kinachoachiwa ghafla. Sisi wanagenzi tulisukuma mpaka mwisho, tukaachia, ikasimama kwa kustuka. Video zetu zingemtapisha bibi harusi.

Mkia ukiwa umekuelekea, mambo ni mepesi: kulia kwako ni kulia kwake. Kisha akatuambia tuigeuze, itutazame. Mama wa maembe akataka iende kulia, ikaenda kushoto. Akaongeza nguvu, na ikazidi kwenda kushoto, hadi kwenye mgunga. Tulichelewa kidogo kuchomoa miiba.

Wapo wanaofundisha ujanja wa kukariri kwamba pua ikikutazama kila kitu cha kulia na kushoto ni kinyume. Mwalimu huyu haupendi, nami nadhani ana haki: kinyume cha kukariri hupotea mtu anapoogopa. Yeye alituambia tuweke rimoti chini. Akasimama penye gunia, akatuamuru tutembee mraba mchangani tukiwa tumemwelekezea uso muda wote; yeye akiita kulia, twende kulia kwetu. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anatembea upande kama kaa katikati ya mto mkavu! Lakini nyayo zilibaki pale, na baada ya mizunguko mitatu mwili ulikuwa umeelewa kwamba ni sisi tuliokuwa droni.

Kuna mengine aliyoyapitia harakaharaka. Usishuke wima kwa kasi, kwa kuwa droni itazama katika hewa iliyoivuruga yenyewe, ikayumba na kuanguka. Shuka kwa mshazari. Adhuhuri hewa ya joto ni nyepesi, betri inatumika zaidi. Kabla ya kuruka, weka kimo cha kurudi nyumbani kizidi mbuyu mrefu kuliko yote, kwani ikirudi yenyewe inafuata mstari ulionyooka, na nyingi hazina jicho la kuuona mbuyu. Sheria aliisema taratibu zaidi: kanuni za mwaka 2020 zinaitaka droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukomo wa kawaida ni futi 400 kutoka ardhini.

Mwisho alizima msaada wa setilaiti na kuishika mwenyewe juu ya gunia. Upepo ulikuwa ukiivuta bila kukoma. Haikusogea. Vidole vyake tu ndivyo vilivyokuwa vikitetemeka, visahihisho vidogo visivyohesabika, kila kimoja kikitangulia kosa ambalo sisi wengine tungeliona likiwa limekwisha kutokea.

Alipourudisha msaada ule, mama wa maembe aliomba zamu nyingine. Akaigeuza imtazame, akaupitisha mraba wake polepole, midomo ikicheza kama anayehesabu nyayo. Kona ya tatu alisita, mkono ukataka kukosea, ukajizuia. Akaishusha kwa mshazari, akalikosa gunia kwa hatua moja, akaizima. Mwalimu hakusema neno. Aliinama akapuliza mchanga kwenye mota, moja baada ya nyingine, zote nne.