Msomaji Lengwa wa Kalenda ya Chuo

Darasani tumezoezwa kuuliza matini inamlenga nani. Tunaiuliza tamthilia, tunaiuliza riwaya, lakini kalenda ya masomo inayobandikwa ubaoni kila Agosti hatuiulizi chochote. Tunanakili tarehe, basi. Mimi naiona kuwa matini kama nyingine, na msomaji iliyemkusudia si mwanafunzi anayetoka Bwera.

Umbo lake tunalijua. Katika vyuo vikuu vingi vya Uganda mwaka una mihula miwili ya wiki 17: wiki 15 za mafunzo na wiki 2 za mtihani. Wa kwanza huanza Agosti, wa pili Januari au mapema Februari. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Wiki 15 zinatosha kuisoma sintaksia, hata kwa aliyechelewa kuipenda. Ugomvi wangu unahusu pesa.

Karo ya muhula wa pili hudaiwa wakati uleule shule za msingi na sekondari zinapofungua mwaka. Mzazi mwenye watoto watano hana Januari mbili. Agosti nayo haijaisha vizuri, Septemba imefika na wadogo zetu wanarudi shuleni kwa muhula wa tatu. Kwenye vilima vilivyo juu ya Kasese na Bwera, pesa ya nyumba nyingi hutoka kwenye kahawa, na kahawa haisomi ubao wa matangazo: sharti iive, ichumwe, ikaushwe, mnunuzi afike. Yanayofuata wengi wetu tunayajua. Mwanafunzi anahudhuria mihadhara bila kusajiliwa. Jina lake halimo kwenye orodha, alama zake za majaribio zinangoja kwenye daftari la mhadhiri, na wiki ya 15 anapiga simu nyumbani mbuzi auzwe kwa bei ya kutupa ili apate kibali cha kuingia mtihani. Mbuzi huyohuyo angesubiri sikukuu, angeleta zaidi. Hiyo tofauti ya bei ni faini ambayo kalenda haikuiandika popote.

Siku za juma pia zina msomaji wake. Wanafunzi Waadventista Wasabato, ambao Kasese wako wengi, wanakumbuka kesi ya wenzao watatu dhidi ya Chuo Kikuu cha Makerere. Walipinga kuwekewa masomo na mitihani siku ya Jumamosi. Mahakama ya Katiba ilikataa ombi lao mwaka 2003, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo mwaka 2006. Sheria ilisema lake. Hata hivyo, kuamua kwamba chuo kina haki ya kutumia Jumamosi si sawa na kuamua kwamba hakina siku nyingine.

Mvua nitaitaja kwa ufupi tu. Mto Nyamwamba ulifurika tarehe 1 Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020. Mei ndio mwezi ambao muhula wa pili unaelekea mtihani, na anayesafiri kutoka mlimani kila wikendi hupimwa kwanza na njia, kisha na karatasi.

Kuna watakaonijibu kwamba chuo hakiwezi kufuata mavuno ya kila kijiji. Ni kweli, wala siombi muhula wa kahawa (ingawa ungekuwa na wasomi wengi). Ninachoomba ni kidogo: usajili utenganishwe na malipo. Vyuo vingine hukubali karo ilipwe kwa awamu, lakini awamu hizo bado huhesabiwa kwa wiki za muhula, na zote hukoma kabla ya mtihani. Mzazi angeweza kuandikiana na ofisi ya fedha tarehe zake mwenyewe ndani ya miezi 12, kulingana na mapato yake, na chuo kikazuia cheti badala ya mtihani. Mhasibu ataongezewa kazi, nakubali. Lakini jina la mwanafunzi litakuwa kwenye orodha tangu wiki ya 2, na mhadhiri atajua anamfundisha nani.