Miti ya Pasolini

Pier Paolo Pasolini hutajwa kwa Accattone, kwa filamu yake ya Injili ya Mathayo, na kwa namna alivyouawa Ostia mwaka 1975. Ile aliyokuja kuipiga kwetu, Appunti per un'Orestiade africana ya 1970, wengi huipita wakisema ni rasimu tu. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi zake bora, na kule kuwa kwake rasimu ndiko kwenye ufundi.

Alitaka kuuleta mchezo wa Aeschylus katika Afrika iliyotoka kupata uhuru. Agamemnon anarudi kutoka vitani, mkewe anamuua. Orestes anamuua mama kulipa kisasi cha baba. Erinia, mapepo ya damu, yanamwandama mpaka Athena anapounda mahakama ya watu, na mapepo yanapewa makao mjini badala ya kufukuzwa. Pasolini alitafuta nyuso sokoni Kigoma, akakifanya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hekalu la Apollo. Filamu kamili haikupigwa. Tulichonacho ni sauti yake ikiwaza juu ya picha: mzee huyu pengine ndiye Agamemnon, kijana yule pengine Orestes.

Kisha anafika kwenye Erinia. Anasema hayawezi kuoneshwa kwa umbo la binadamu, na kamera inageukia miti.

Anayetaka kujua uzito wa uamuzi ule na aingie msitu wa Jozani, Unguja, baada ya masika. Ardhi ya pale iko chini, maji hutuama baina ya mitondoo, mwanga hufika chini umechoka. Kima punju wanaruka juu, tawi linalia, ukitazama hakuna kitu. Watu wa Unguja hawahitaji kufafanuliwa kwamba mti unaweza kuwa na mwenyewe. Mzimu una mahali pake, hufukiziwa ubani, na aliye na busara haufukuzi. Aeschylus alimaliza mchezo wake hapo hapo. Mwongozaji mwingine angewavisha waigizaji vinyago na kuwapaka rangi. Pasolini aliuamini mti na akatuachia muda wa kuutazama.

Yapo nisiyoyatetea. Anadai hampati Electra kwa sababu wasichana wa huku wanajua kucheka tu. Hilo hawezi kulisema aliyewahi kukaa matangani na wanawake wa kwetu.

Lakini aliwakusanya wanafunzi wa Kiafrika mjini Roma, akawaonesha picha zake, akawauliza. Wakambishia: Afrika si nchi moja, na habari ya makabila haiendi hivyo. Angeweza kuyakata majibu yale mezani pa uhariri. Ameyaacha, naye yumo, anasikiliza. Linganisha na Africa Addio ya Jacopetti na Prosperi, ya 1966: Unguja ya Mapinduzi ya Januari 1964 waliipiga kutoka angani, kisha msimulizi akatuhukumu, na hakuna Mzanzibari aliyeulizwa neno.

Ningependa filamu hii ioneshwe Ngome Kongwe wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, maelezo yake yakiwa kwa Kiswahili. Nyuso za Kigoma zimo humo, na mwenye kuzisemea ni Pasolini peke yake. Ikimalizika, kipaza sauti kizungushwe, nasi tumbishie kama alivyobishiwa Roma.