Imbwa wa Langoni

Huku Kolwezi hatusemi mbwa, tunasema imbwa. Na imbwa anayechorwa kuliko wote mjini hayumo ndani ya fremu, yumo kwenye malango. Pita asubuhi mitaa ya nyumba za zamani za kampuni ya madini ya Gécamines, utamwona kwenye bati: kichwa kikubwa, meno nje, na chini yake maneno *Chien méchant*, yaani mbwa mkali. Rangi ya mafuta nyeusi na kahawia, kisha nyekundu kidogo ya ulimi.

Siku moja nilisimama nikamtazama mchoraji akiifanya kazi hiyo. Hakuwa na picha ya kuigia. Alivuta mstari mmoja kutoka sikioni hadi puani bila kuinua mkono, na hata kabla ya macho kuwapo, imbwa alikwisha kutega sikio. Jua lilikuwa kali na bati lina moto. Rangi ikigusa tu, inashika. Ukikosea hufuti, unalibeba kosa lako na kulitafutia kazi ya kufanya: mstari uliopotoka unageuka kuwa mkunjo wa shingo. Macho aliyaacha mwisho kabisa. Niliona sababu yake. Kati ya imbwa anayetisha na imbwa anayeomba chakula kuna nukta moja nyeupe, na yote ni pale inapowekwa juu ya mboni. Aliiweka kwa ncha ya kijiti, akarudi nyuma hatua mbili, akafunga kopo.

Kazi hii ina ukoo wake. Mto Lualaba ukitoka huku kwetu unashuka mpaka Bukama, na huko, mwaka 1926, ofisa wa Kibelgiji Georges Thiry alikuta nyumba zilizochorwa kutani. Fundi wa michoro hiyo alikuwa Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, yeye na mkewe Antoinette, naye mchoraji, na mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels. Mimi nashikilia jambo moja tu katika habari hiyo: ukuta ulitangulia karatasi. Anayechora bati la lango leo anafanya kazi ile ya kwanza.

Mwaka 1946, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya sasa, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyoitwa Le Hangar. Hakutaka vijana wake waige Ulaya. Walichora walichokibeba kichwani. Pilipili Mulongoy akatoa samaki, ndege na nyoka, na nyuma yao hakuacha nafasi tupu. Mwenze Kibwanga aliujenga mwili kwa vistari vifupi vilivyobanana, kama mtu anayesuka mkeka. Bela Sara aliiweka brashi kando akachora kwa ncha za vidole, na kwangu yeye ndiye mkuu wao, maana mnyama wake unahisi ameguswa. Anayechora kwa kukumbuka lazima awe alitazama sana zamani, wakati hajui kwamba siku moja atachora.

Ndiyo maana imbwa wa langoni ananiuma. Mkono uliomchora ni hodari, lakini yeye si wetu. Ni mbwa wa polisi wa Ulaya, mgongo mweusi, kifua kipana. Wetu ni mdogo, manyoya mafupi yenye rangi ya vumbi la machimbo, miguu myembamba, mkia umejikunja. Ndugu zake wa misitu ya kaskazini hawabweki kama mbwa wengine, na wawindaji huwafunga njuga ya mti shingoni ili wajue walipo. Mwaka 1937 walionyeshwa Uingereza, kwenye maonyesho ya Crufts, na dunia ikawajua kwa jina la basenji. Ni neno letu hilo: washenzi. Mnyama mwenye umbo zuri namna ile ametembezwa duniani amebeba tusi, na nyumbani kwake hata bati la lango hajapewa.

Wachoraji wa Kolwezi, mkono mnao, nimeuona. Mchoreni huyu anayelala mchana chini ya lori la madini. Paji lake lina mikunjo, litataka brashi nyembamba. Mkia ni mstari mmoja.