Sifa za Mchagua Oili

Kibiti ni mji wa barabara. Malori yaendayo Lindi na Mtwara hupita hapo usiku na mchana, na pale yanapopenda kusimama ndipo mafundi tairi walipoweka kompresa zao: tangi lililopauka rangi, injini ndogo juu yake, mpira mrefu unaoburuzwa vumbini hadi kwenye gurudumu. Mashine hizi hazina makuu. Presha ikifika baa 8 au 10, zinapumzika. Ukizitilia oili ya injini namba 40, zitakwenda. Ukizitilia iliyobaki kwenye kidumu cha pikipiki, zitakwenda vilevile, japo kwa manung'uniko. Ndiyo maana wengi wetu tumekua tukiamini kwamba oili ni oili, na atakayekuuliza "ya aina gani?" anataka tu kukuongezea bei.

Fundi ninayetaka kumsifu kazi yake huanzia pale geji ya tairi inapoishia. Ukishuka kutoka Kibiti hadi Nyamisati, ukapanda boti na kuiacha nyuma mikoko ya delta ya Rufiji, utafika Mafia, ambako wazamiaji huenda kutazama matumbawe ya Ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Mtungi anaoubeba mzamiaji mgongoni hujazwa hewa mpaka baa 200, na mingine huzidi hapo. Ni presha inayoizidi ya fundi tairi mara ishirini na zaidi, na hewa yenyewe haiendi kwenye mpira, inaenda kwenye mapafu ya mtu. Kabla ya kufika huko imepita ndani ya silinda zilizolowa oili. Anayechagua oili hiyo anachagua pia mtu atavuta nini akiwa chini ya maji, mahali ambapo hawezi kufungua dirisha.

Wasiwasi wa kwanza wa fundi huyu ni joto. Hewa ikibanwa hupata moto. Aliyewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza gurudumu analijua hilo kwa kiganja chake. Ichukue hewa ya kawaida ya pwani, nyuzi 30 hivi, uibane kwa mkupuo mmoja hadi baa 200 bila kuipoza, na hesabu itakupeleka kupita nyuzi 1,000. Hakuna oili ya kuishi hapo. Kwa hiyo kompresa ya mitungi hubana kwa hatua tatu au nne, silinda kubwa ikiipokeza ndogo, na kati ya hatua na hatua kuna bomba lililojiviringa ambalo feni hulipuliza lipoe. Hata kwa mpango huo, kwenye valvu za kutolea hewa, joto huweza kupita nyuzi 150. Oili iko papo hapo, utando mwembamba kuliko karatasi, umezungukwa na hewa iliyoshindiliwa na kwa hiyo na oksijeni tele.

Rudolf Diesel alilitumia jambo hilohilo kwa makusudi. Injini yake iliyofanikiwa mwaka 1897 kule Augsburg, Ujerumani, ilibana hewa mpaka ikawa na moto wa kuwasha mafuta bila plagi, na boti za dizeli zinazokatiza mito ya delta leo zinaishi kwa kanuni hiyo. Kompresa iliyotiwa oili isiyofaa nayo hujaribu kuwa injini ya dizeli, ila safari hii hakuna aliyeiomba.

Mara nyingi hailipuki, na hapo ndipo hatari inapojificha. Oili huungua nusunusu na kuacha kaboni ngumu kwenye valvu. Kaboni huizuia valvu isifunge vizuri, hewa moto hurudi nyuma kubanwa tena, joto hupanda, oili huzidi kuungua. Mchezo huo huzaa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kuvutwa, EN 12021, huruhusu sehemu 5 tu kati ya milioni moja. Na bahari haina huruma na hesabu hizi: mita 30 chini ya maji presha ni mara nne ya ile ya juu, kwa hiyo sehemu 10 zilizomo mtungini humfanya mzamiaji kama sehemu 40 zingemfanya ufukweni.

Sasa tazama mkebe. Ubavuni umeandikwa namba, ISO 100 au ISO 150, nayo hueleza unene wa oili ikiwa kwenye nyuzi 40. Kompresa nyingi za mitungi hutaka kati ya namba hizo mbili. Mtego uko hapohapo, kwa sababu oili ya injini namba 40 ina unene unaokaribiana sana na ISO 150. Zipake mbili hizi vidoleni, zisugue, na mkono wako hautakuambia lolote. Kinachozitofautisha ni mambo yasiyoshikika. Oili ya injini hutiwa viungo vya kusafisha, aina ya sabuni, ili uchafu uelee mpaka unaswe na filta. Ndani ya injini hiyo ni sifa. Ndani ya kompresa sabuni hiyo huyakumbatia maji na kuyazuia yasijitenge.

Na maji, huku kwetu, si jambo dogo. Katika miezi ya mvua hewa ya delta hubeba karibu gramu 25 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hadi baa 200 unameza mita 2.4 za ujazo za hewa hiyo. Fanya hesabu, utapata gramu 60, yaani kama robo glasi ya maji kwa kila mtungi, yanayotakiwa yatolewe njiani. Mashine iliyotengenezwa kwenye nchi ya baridi kavu, ikiletwa hapa, inakunywa maji ambayo mtengenezaji wake huenda hakuyafikiria. Nimemtazama fundi akifungua koki ya kutolea maji, chupa ya kioo imekingwa chini. Kilichotoka kilikuwa cheupe kama tui. Aliiacha chupa kivulini, akaendelea na kazi nyingine. Aliporudi tui lilikuwa bado tui, halikugawanyika kuwa maji chini na oili juu. Hakuuliza ni oili gani iliyomo. Aliuliza ni nani aliyeitia.

Jambo lililonivutia zaidi ni pua yake. Ningedhani atanusa hewa inayotoka mwisho, pale mtungi unapofungwa. Hakunusa hapo hata mara moja. Sababu ni kwamba mwisho wa njia kuna filta yenye chembe za kukausha na mkaa maalumu, na mkaa huo hunasa mvuke wa oili na harufu yake yote, lakini kaboni monoksaidi huiachia ipite. Hewa yaweza kutoka haina harufu kabisa na bado ikawa na sumu. Kwa hiyo yeye hunusa yale maji machafu, kabla ya filta, mahali ambapo harufu ya kuungua bado haijafichwa. Zipo dawa za filta zinazoibadilisha gesi hiyo, hopkaliti kwa mfano, lakini hopkaliti ikilowa hufa, na tumeshaona maji yalivyo mengi. Huo ndio ufundi ninaousema: kujua ni wapi mashine bado inasema kweli.

Basi ni oili gani? Ziko za madini zilizotengenezwa kwa kazi ya kompresa. Kiwango cha Ujerumani DIN 51506 huzipanga, na zile za daraja la VDL zimekusudiwa kuhimili hewa inayotoka ikiwa na joto la hadi nyuzi 220. Ziko za sintetiki, ghali zaidi, ambazo huacha kaboni kidogo. Kati ya hizi, za jamii ya diesta ni kali kwa kaboni na huweza hata kuyeyusha iliyoganda zamani, lakini pia hulainisha mipira ya kuzibia isiyochaguliwa kwa ajili yake na kutafuna baadhi ya rangi na plastiki. Za polialfaolefini ni pole zaidi kwa mipira. Mimi, kama fedha ingekuwa yangu na mashine ingekuwa ya kujazia hewa ya kuvuta, ningenunua ya sintetiki iliyoidhinishwa kwa hewa hiyo kwenye kitabu cha mashine, na nisingebishana na kitabu.

Kuna hoja tamu kwamba mafuta ya kula yangetosha, maana yakimezwa hayadhuru. Tumbo si pafu. Ukungu wa mafuta ukiingia mapafuni huweza kuleta uvimbe hata kama mafuta yenyewe ndiyo yaliyokaanga samaki wa jana. Zaidi ya hapo, mafuta ya mimea kwenye joto hushika hewa na kuganda kama ulimbo, na ringi za pistoni hazipendi ulimbo.

Watu wakiitaja delta ya Rufiji na mashine, hadithi inayokuja ni ya Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha humu mwaka 1914 na kuzamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na Waingereza. Mizinga yake ilitolewa majini, na mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, watoto wanaupanda wakipigwa picha. Husimuliwa kama hadithi ya vita. Mimi naisoma kama hadithi ya gereji. Meli ile iliingia Salale, humu deltani, kwa sababu injini yake iliharibika. Vipuri vilivyovunjika vilipelekwa kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa porini kwa nguvu za watu, na wakati huohuo adui akaja kuziba midomo ya mto. Historia imehifadhi jina la nahodha, Max Looff. Waliovuta vyuma vile kupitia matope na walioviunga karakanani hawakuandikwa.

Dar es Salaam bado ndiko mkebe sahihi unakotoka. Duka la Kibiti litakuuzia oili ya injini, ya giaboksi, ya haidroliki na ya pikipiki, lakini ya kompresa ya presha kubwa huagizwa, na husafiri kwa basi ikiwa imefungwa kwenye boksi la kitu kingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ufundi huu ni daftari. Mashine nyingi hutaka oili ya madini ibadilishwe kila saa 1,000 za kazi au kila mwaka, na ya sintetiki kila saa 2,000 au miaka miwili; fundi wetu huzipunguza saa hizo kwa sababu ya unyevu na chumvi, huziandika kwa kalamu ya risasi, na huagiza kabla mstari haujafika.

Lakini wenye mashine hawasomi daftari. Nilikuwepo simu ilipoita.

"Shikamoo mzee wangu. Oili imeshuka chini ya alama, na kesho nina wageni wa kuzamia. Hapa dukani ipo ya injini, unene uleule. Niongeze robo lita tu?"

"Marahaba, mwanangu. Usiongeze."

"Robo lita, mzee."

"Hiyo robo itaiharibu iliyomo yote. Utamwaga, utaosha, utabadili filta, utanunua upya. Mkebe uko kwenye basi."

"Sasa wageni niwaambie nini?"

"Huu si msimu wa papa potwe? Wale wanaonekana juujuu. Wape miwani waogelee."

Simu ilikatwa bila kuaga. Mashine haikuwashwa mpaka mkebe ulipofika.