Flashi Ikigoma, Iulize kwa Zamu

"Fundi, hii imekufa. Jana usiku ilikuwa nzima." Mwalimu aliiweka flashi ya GB 64 juu ya kaunta ya duka la stationeri hapa Nyamwaga. Ndani yake mlikuwa na mitihani ya muhula, naye alitaka kuichapa kabla gari la Tarime halijapita. Kijana wa dukani alikwisha kumpa ushauri: "Tuifomati tu." Flashi ile ilikuwa hai, na ushauri huo ndio ungeiua mitihani.

Kompyuta ya duka inatumia Ubuntu 18.04, mfumo wa Linux. Windows huipa flashi herufi, E au F. Jamii ya Unix, ambamo Linux imo, haina herufi: ina mti mmoja wa mafaili unaoanzia kwenye alama ya mkwaju, na kila diski hupachikwa kwenye tawi lake. Amri ya kupachika, `mount`, imo tangu mwongozo wa kwanza wa Unix, mwaka 1971. Kwa hiyo mtu akisema "haifunguki", anaweza kuwa na tatizo moja kati ya manne: mashine haijaiona flashi, imeiona ila haijui mpangilio wake wa mafaili, inaujua ila una kasoro, au imeipachika na wewe huna ruhusa. Dawa ya moja haitibu lingine, ndiyo maana maswali huulizwa kwa zamu, kuanzia chini.

Kwanza: imeonekana? Niliichomeka, nikaandika `dmesg | tail`. Mstari wa mwisho ulisema `[sdb] Attached SCSI removable disk`. Kwa mstari huo pekee, tundu la USB lilitoka kwenye orodha ya washukiwa, na flashi haikuwa imekufa. Kama pangekuwa kimya, ningehamia tundu la nyuma, maana nyaya za matundu ya mbele hulegea.

Pili: ina nini ndani? `lsblk -f` ilionyesha `sdb1`, mbele yake `exfat`, na sehemu ya mahali pa kupachikia ikiwa tupu. Nilipojaribu kuipachika kwa mkono, jibu likaja wazi: `unknown filesystem type 'exfat'`. Mashine iliona mlango, ila haikuwa na ufunguo.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Windows kwa miaka mingi ilikataa kufomati diski iliyozidi GB 32 kwa mpangilio wa mafaili wa FAT32, na FAT32 yenyewe haibebi faili la kufikia GB 4. Ndiyo maana flashi kubwa huja na exFAT, mali ya Microsoft. Kampuni hiyo ilichapisha maelezo yake hadharani Agosti 2019, na Linux 5.4 ya Novemba mwaka huo ikaja na uwezo wa kuisoma. Kiini cha Linux (kernel) kwenye kompyuta yetu kilikuwa cha toleo 4.15. Kilizaliwa kabla ya hatua hiyo.

Niliwasha intaneti ya simu, nikaandika `sudo apt install exfat-fuse`. Kisha nikaipachika kwa kusoma tu, `mount -o ro`, kwa sababu flashi usiyoijua haiandikwi kitu kabla hujaokoa kilichomo. Onyo likatokea: haikutolewa vizuri mara ya mwisho. Nikamtazama mwalimu. Akacheka: "Nilichomoa tu, nilikuwa na haraka." Nikanakili mitihani yote kwenye kompyuta kwanza, ndipo nikaipachika upya kwa kuandika, kwani alitaka kusahihisha swali la saba.

Karatasi zilipotoka, mkono wake ulikuwa tayari kwenye flashi. Nikamwomba asubiri. `umount` ilikataa: `target is busy`. Amri ya `lsof` ikamtaja mhusika, LibreOffice, iliyokuwa bado imeshikilia mtihani. Kompyuta huweka maandishi kwenye kumbukumbu kwanza na kuyateremsha kwenye flashi baadaye. Ukichomoa katikati, swali la saba hubaki hewani. Tukaifunga programu, tukarudia `umount`, ikapita kimya. Katika Unix, kimya ni ndiyo.

"Sasa chomoa, Mwalimu." Akachomoa, akakimbilia gari. Kijana wa dukani alibaki akiandika amri zile nyuma ya karatasi iliyoharibika.