Kivuli cha Saa Saba: Mwongozo wa Kuchagua Muziki na Picha za Maktaba

Ubora wa muziki wa maktaba na picha za maktaba, yaani vipande vilivyotengenezwa tayari na kuuzwa kwa leseni, haupimwi kwa mng'ao. Kipande kinaweza kuwa kimepigwa na okestra kamili, au kuchukuliwa kwa droni ya mamilioni, na bado kikawa kibovu kwa video inayohusu Songea, mji wa kusini mwa Tanzania, kwa sababu hakijui chochote kuhusu Songea. Kila Februari, inapokaribia kumbukumbu ya mashujaa wa Vita ya Majimaji walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, husambaa video zenye ngoma nzito za matrela ya Hollywood, simba anayetembea chini ya mgunga, na askari wa vita ya 1914 hadi 1918 waliopachikwa mahali pa wale wa 1905. Chini yake watazamaji humwaga pongezi kwamba kazi imefikia kiwango cha kimataifa. Haijafikia kiwango chochote. Sifa za namna hiyo zinawafundisha vijana wanaoanza kuhariri kwamba kipande cha bei kubwa ndicho kipande sahihi.

Kwenye muziki, linaloangaliwa kwanza ni kwao kwa ala. Tovuti za muziki wa leseni huweka bara zima chini ya kichwa kimoja, "Afrika", na ndani yake kuna djembe kuliko kitu kingine chochote. Djembe ni ala ya Mali, Guinea na majirani zao. Haifanani na ngoma za lizombe ya Wangoni, wala na mganda wa Ziwa Nyasa, ambao hatua zake zilizaliwa na gwaride la jeshi na sauti yake hutoka kwenye vibuyu vinavyopulizwa. Mzee wa Mbamba Bay, kwenye ufuko wa ziwa hilo, akisikia djembe chini ya picha za fukwe zake anajua papo hapo kwamba mhariri hakuuliza mtu. Ala sahihi isipopatikana, ichaguliwe isiyodai kwao popote: gitaa la nyuzi laini, piano, nyuzi chache za kuvutwa taratibu.

Kosa hili ni kongwe. Filamu za Tarzan zilitumia mlio wa kookaburra, ndege wa Australia, kama sauti ya msitu wa Afrika, na watu wa mataifa mengine wakakua wakiamini kwamba ndivyo misitu yetu inavyolia. Mfano wa kuigwa ni Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa makabila mbalimbali. Hakusimika maikrofoni mbali na kusubiri. Aliishika mkononi na kuisogeza kwa mpigaji, kisha kwa mwimbaji, ili kila ala isikike mahali pake. Rekodi yenye usikivu wa aina hiyo ina thamani hata ikiwa na mikwaruzo. Biti safi isiyo na mtu ndani yake haina.

Kipimo cha pili ni nafasi ya sauti ya msimulizi. Muziki wenye maneno hauwekwi chini ya maneno, hata maneno yakiwa ya lugha asiyoijua mtazamaji. Filimbi na fidla za juu hugombania masafa yaleyale yanayobeba konsonanti za msimulizi, kwa hiyo kupunguza kidogo sauti ya muziki hakutoshi. Msimulizi ataendelea kusikika kama anayeongea nyuma ya pazia. Mwendo unaofaa simulizi ya Kiswahili ni mapigo 70 hadi 90 kwa dakika. Ukizidi hapo, msikilizaji huanza kuhisi kwamba anafukuzwa. Kila kipande kijaribiwe kwenye spika ya simu ya kawaida, kwa kuwa huko ndiko kitakakosikilizwa, na besi nzito iliyowafurahisha watu studioni haipiti kwenye spika ile.

Halafu kuna mwisho wa kipande. Mhariri mchanga huanza muziki mwanzoni mwa taimlaini, na video inapoisha huufifisha popote ulipofika. Mafundi wa redio wa enzi za utepe walihesabu kutoka nyuma. Muziki wa dakika tatu uliotakiwa kufunga kipindi cha nusu saa ulianzishwa kimyakimya dakika tatu kabla, ukapandishwa maneno yalipokoma, na pigo la mwisho likaangukia sekunde ya mwisho. Waliokua wakiisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam walizoea vipindi vinavyofungwa, na masikio yao bado yanadai hivyo. Kipande cha maktaba kisicho na mwisho ulioandikwa, bali lupu inayojirudia hadi ikatwe, kisinunuliwe.

Upande wa picha, makosa mepesi yanaonwa na wengi: usukani upande wa kushoto, kibao cha duka chenye herufi za kigeni, savana ya migunga mahali ambapo Ruvuma, mkoa wa Songea, ina miombo. Kahawa inayovunwa kwa mashine kwenye tambarare si kahawa ya Mbinga, ambako arabika huchumwa kwa mkono kwenye miteremko, jirani na mashamba ya ngoro ya Wamatengo yaliyopangika kama sega la nyuki. Hata majani yana kalenda: miombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua, Septemba na Oktoba, kwa hiyo mlima wa kijani kibichi usitumiwe kuonyesha Oktoba ya Matogoro, milima ya Songea.

Linalowapita karibu wote ni kivuli.

Songea iko takriban nyuzi 10.7 kusini ya Ikweta, na umbali huo unaweka sheria ambazo hakuna programu ya kugredi rangi inayoweza kuzifuta. Juni, jua linapokuwa mbali zaidi kaskazini, mchana kamili huwa kwenye kimo cha nyuzi 56 hivi, na kivuli cha mtu aliyesimama hufikia theluthi mbili za urefu wake. Hicho ndicho kivuli kirefu kuliko vyote vya mchana kamili Songea, mwaka mzima. Klipu inayodai kuwa ya mchana kamili huku watu wakitupa vivuli virefu kuliko wao wenyewe imetoka nchi ya mbali, ambako jua la baridi hupita chini. Songea vivuli vya urefu huo ni vya asubuhi, alasiri au jioni tu.

Februari ndiyo inayowaumbua wengi. Kuanzia tarehe 20 hivi ya mwezi huo jua hupita utosini, na tarehe 27 bado halijasogea hata nyuzi tatu. Kwa kuwa saa zetu zinafuata mstari ulio mashariki zaidi ya Songea, kilele cha jua siku hiyo hakiji saa sita. Huja saa saba kasoro dakika kumi hivi. Wakati huo kivuli cha mtu huwa kimejificha chini ya nyayo zake, kofia hufunika uso mzima kwa giza, na nguzo ya bendera inaonekana kama haina kivuli kabisa. Mwanga huu ni mgumu na mpiga picha yeyote angependa kuukwepa, lakini ndio mwanga wa siku ile. Mhariri anayepachika umati wenye vivuli virefu vya dhahabu na kuandika "mchana, Februari" ameonyesha siku nyingine na watu wengine. Mtazamaji wa Songea huenda asiweze kutaja kasoro iko wapi, lakini hataamini.

Machweo nayo hufuata sheria hiyohiyo. Huku kwetu jua huzama karibu wima, likiinamia kushoto kidogo kwa anayelitazama. London hushuka kwa mshazari mrefu kuelekea kulia. Klipu iliyoharakishwa inayoonyesha jua likiteleza kwenda kulia ni ya kaskazini ya dunia, hata kama muuzaji ameiita "Machweo ya Afrika". Au imegeuzwa kama kwenye kioo, na hapo maandishi kwenye fulana au upande wa vifungo vya shati hutoa ushahidi.

Ziwa Nyasa lina mtego wake. Upande wa Tanzania ni ufuko wa mashariki, hivyo jua huzama ziwani na huchomoza nyuma ya mtazamaji, kutoka bara. Jua linalochomoza majini ni la upande wa Malawi. Hata hivyo zipo video zenye kichwa cha mapambazuko ya Mbamba Bay ambamo jua linatoka ziwani kwa fahari. Baadhi ni machweo yaliyochezwa kinyumenyume, ujanja wa siku nyingi katika biashara hii. Anayetaka kuhakikisha atazame moshi na mawimbi. Moshi unaorudi jikoni, au povu linaloondoka mchangani na kujikusanya kuwa wimbi, ni klipu iliyogeuzwa.

Sauti ya mahali nayo isipuuzwe. Video za harusi za VHS zilizopigwa Songea zamani zilikuwa na picha hafifu na rangi zilizochuja, lakini zilikuwa na jenereta ikinguruma nyuma ya ukumbi, vigelegele, na kwaya ikirekodiwa palepale. Leo sauti hiyo hufutwa yote ili kuacha nafasi kwa muziki, na harusi ya mtaani Mfaranyaki inasikika sawasawa na tangazo la benki. Klipu ya maktaba inayouzwa pamoja na sauti yake halisi ni bora kuliko klipu bubu, hata picha yake ikiwa duni kidogo.

Leseni inahitaji maneno machache, lakini yafuatwe. Muziki usio na mrabaha si muziki wa bure. Hulipiwa mara moja. Kwenye leseni za Creative Commons, alama ya BY hudai jina la mtunzi litajwe, NC hukataza kazi ya kulipwa, ikiwamo harusi, na muziki wenye ND hauingii kwenye video hata kidogo, kwa kuwa kuuoanisha muziki na picha jongefu huhesabiwa kuwa ni kuugeuza. Picha zilizoruhusiwa kwa habari tu hazitumiki kwenye tangazo.

Hata aliyelipa hudaiwa. Tangu YouTube ianzishe Content ID, mfumo wake wa kutambua nyimbo zenye hakimiliki, mwaka 2007, matapeli husajili nyimbo za watu kuwa zao na kuvuna mapato. Mwaka 2021 watu wawili waliotumia jina la MediaMuv walishtakiwa Arizona, Marekani, kwa kudai nyimbo zaidi ya 50,000 wasizozimiliki na kujipatia zaidi ya dola milioni 20. Baadaye walikiri na kufungwa. Kwa hiyo cheti cha leseni, risiti na tarehe ya kupakua vihifadhiwe kwenye folda moja na mradi, na kipande kisicho na cheti kiachwe.

Kilicho bora zaidi ni kurekodi nyumbani. Kikundi cha lizombe au kwaya ya parokia kikilipwa, hupatikana muziki ambao hakuna tovuti inayouuza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda wasanii hao, na inalinda pia sanaa za jadi zenyewe, ambazo matumizi yake ya kibiashara nje ya mazingira ya asili yanahitaji kibali. Makubaliano yaandikwe kabla maikrofoni haijawashwa, yakitaja kiasi cha malipo, matumizi yanayoruhusiwa na muda wake, yatiwe saini na kiongozi wa kikundi, na jina la kikundi litokee kwenye maelezo ya kila video ambamo muziki wake umetumika.